Alama za Kijani za Baba

Kiwandani, 14 Januari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia kwa sababu nakujua, ukiona mwandiko wangu mdomo hutangulia macho. Mimi ni mzima, ila mgongo una maneno yake asubuhi. Natumaini wewe na mama yako hamjambo.

Usishangae kuona karatasi na hali simu ninayo. Hili ni agizo la mwalimu wa ile kozi ya mitambo ya baridi uliyoniandikisha nilipokuwa likizo. Katika somo la utangulizi ametuambia kwamba anayesoma kwa mtandao hana kengele wala kiranja, na asipojisimamia mwenyewe atasinzia mpaka mtihani umkute. Kwa hiyo kila mmoja wetu achague mtu wake wa kumwandikia, tena kwa mkono. Amweleze alipanga kusoma nini, alifanya nini, nini kilimzuia, na safari ijayo atabadilisha nini. Anasema kidole cha kubonyeza kina haraka, bali kalamu humngoja mwenyewe.

Nimekuchagua wewe. Ningemchagua mama yako, lakini yeye ana swali moja tu, unarudi lini, na hilo halimo kwenye kozi.

Ingawa ukweli ni kwamba kozi yote ni kwa ajili ya swali hilo. Meneja amesema mbele ya mafundi wote: kiwanda kipya cha maziwa huko kwenu kitafunguliwa mwezi wa nane, na fundi mkuu wa vyumba vya baridi lazima awe na cheti. "Mzee, ukikileta, nafasi ni yako." Wenzangu wakapiga makofi. Nimelalia kitanda cha chuma cha kampuni tangu wewe uko shule ya msingi. Nimechoka kufika nyumbani kwangu nikauliza chumvi inakaa wapi.

Mpango ni huu. Kila Jumapili mabomba yakishaoshwa, nitaingia ofisini kwa karani wetu, yule tunayemwita Mama Mihuri kwa sababu hata ukimpa mkono anatafuta pa kugonga. Kompyuta yake ndiyo shule yangu. Barua atazileta dereva wa lori la maziwa. Mpe chai, asije akazikalia.

Baba yako, mwanafunzi


Nyumbani, 21 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka maziwa. Mama alininyang'anya akaisoma yeye kwanza, akasema, "Hata mstari wa kumi hajafika, ameshanisengenya." Kisha akachukua utepe wangu wa kupimia akaingia chumbani kwenu. Nilipomfuata nilimkuta juu ya kiti anapima dirisha. Anataka mapazia mazito, yanayokata jua, kwa sababu anasema ukirudi utalala mpaka ushibe. Nikamwambia tungoje kwanza cheti. Akaniambia nipunguze maneno nishike kalamu niandike vipimo.

Dukani kwetu tuna kazi ya mapazia ya hoteli, pindo juu ya pindo mpaka vidole vinakufa ganzi. Nakupa mbinu yangu, baba. Kitambaa kirefu ukikitazama chote unakata tamaa. Mimi hubana pini kipande kimoja, nakishona, ndipo nasogeza kingine. Somo nalo likate hivyo hivyo, usilimeze zima.

Taarifa za kozi zinaingia kwenye simu yangu pia, maana ile barua pepe nilikufungulia mimi na neno la siri ninalo. Usijali, sizisomi. Sizisomi sana.

Mwanao,
Kiherehere


Kiwandani, 11 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba, mwalimu msaidizi. Ile mbinu ya pini imefaa. Somo la kwanza nimelikata vipande vitatu na la pili nimelikata vinne, na yote nimeyamaliza. Kipande cha mwisho cha utangulizi nilikiruka, niliona ni maelezo ya taratibu tu, nitakirudia nikipata nafasi.

Mwalimu ana jambo lingine ambalo limenipendeza. Anasema usijidanganye kwamba umeelewa kwa sababu umesoma ukaitikia kwa kichwa. Funga kila kitu, simama, ueleze kwa sauti kama unamfundisha mtu. Ukikwama, hapo ndipo hujui. Basi mimi sina wa kumfundisha, nilisimama mbele ya tangi namba mbili nikalieleza jinsi gesi inavyobeba joto kulitoa ndani kulipeleka nje. Nilieleza vizuri hadi nikaliuliza kama lina swali. Mlinzi alikuwa nyuma yangu. Amekwenda kumwambia Mama Mihuri kwamba baridi imenipanda kichwani.

Somo la tatu ni michoro ya umeme ya mitambo mipya. Nimelifungua, nikalitazama, nikalifunga kwa adabu. Mistari imepita juu ya mistari, na vijidude vidogo vyenye herufi na namba. Mimi kompresa ikiugua huwa naisikiliza. Mchoro hauna sauti. Lakini hakuna neno, tutaonana nalo Jumapili.

Mwambie mama yako dirisha halikimbii, ashuke kwenye kiti.

Baba yako


Kiwandani, 10 Machi

Kiherehere,

Nisamehe kwa ukimya. Kazi zimebana, kompresa ya tatu imekufa na tumehamisha maziwa kwa ndoo kama tumerudi zama za babu. Masomo yanakwenda. La tatu limepita salama, na la nne nimeligusa kidogo.

Salamu kwa mama. Mwambie nakula vizuri.

Baba yako


Nyumbani, 17 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Najua zamu za wodini hazikupi hata nafasi ya kukaa, lakini nisaidie mawazo. Nakuandikia wewe kwa sababu nikimwambia mama, mtaa mzima utajua kabla chai haijapoa.

Baba ananidanganya. Ameniandikia kwamba somo la tatu limepita salama. Mimi simu ninayo mkononi, na simu inasema somo la tatu halijafunguliwa tena tangu siku ile ya kwanza. Kila somo lina alama pembeni, likimalizika alama inakuwa kijani. Baba ana kijani mbili, kisha nyekundu zimeshuka mpaka chini.

Wiki iliyopita ukaja ujumbe: "Mwanafunzi amenyamaza kwa muda. Akiendelea kunyamaza, mwalimu atampigia simu." Dada, nilipousoma nilijiona tena kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Unaikumbuka siku ile baba alipoitwa shule kwa ajili yangu, kwa sababu nilimfanyia hesabu zote yule jirani yangu wa dawati? Wewe ulikuwa umeshaenda chuo. Alikuja kwa lori moja kwa moja kutoka kiwandani, na ovaroli ya kazini, mabuti yana matope. Hakupewa kiti. Alivua kofia akaishika kifuani, mtu mzima yule, akawa anajibu "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," kama mimi. Tulipotoka nje nililia. Yeye alicheka sana, akaniita Kiherehere, na jina likanata hadi leo. Lakini ile kofia kifuani sijaisahau.

Sitaki aitwe tena, kwa umri wake, apigiwe simu mbele ya mafundi wenzake na kijana wa watu amuulize mbona hasomi. Basi nimelifungua somo la tatu mimi. Niliiweka simu kando ya cherehani, video ikazungumza peke yake nikiwa nashona pindo. Maswali ya mwisho nilibahatisha, nikikosa narudia, mpaka ikakubali. Ikawa kijani. Hata kile kipande cha utangulizi alichokiruka nimekibonyeza mpaka mwisho bila kukisoma, nikakipa kijani chake.

Ni kumshikia nafasi tu. Kazi ikipungua atarudi ayasome mwenyewe. Au nimekosea?

Mdogo wako


Hospitalini, 29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Umekosea, na unajua, ndiyo maana umeniuliza mimi na hukumuuliza yeye.

Muulize baba. Kwa upole, kwa barua hiyo hiyo anayokuandikia. Mwambie, "Baba, simu inaonyesha somo la tatu halijafunguka, kuna nini?" Hakuna tusi hapo. Mgonjwa wangu akinificha maumivu mimi simwandikii kwenye faili kwamba amepona.

Ningemwandikia mwenyewe, lakini mtu wake wa kumwandikia ni wewe. Amekuchagua wewe. Fanya hima.

Dada


Kiwandani, 14 Aprili

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Huku mvua zimeanza na barabara ya lori imekuwa uji, ndiyo maana barua zinasuasua.

Niliingia kwa Mama Mihuri Jumapili. Nimeziona alama zangu zimejipanga kijani tupu, kama chupa zinazosubiri kujazwa. Mama Mihuri ameziona pia, amewaambia watu, na sasa hata wapishi wananiita Profesa. Meneja alinipiga bega.

Mwanangu, Mungu akubariki kwa ninayoyajua na nisiyoyajua. Baba yako ana bahati ya watoto. Sina zaidi ya hilo la kuandika leo, kalamu imekuwa nzito.

Baba yako


Nyumbani, 12 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma sote wawili, na mama akalia kidogo pale penye Profesa. Amepaka rangi mlango wa chumbani mwenyewe, hakukubali fundi. Mikono yake ilikuwa na rangi mpaka kwenye viwiko, akaenda nayo hivyo hivyo sokoni ili aulizwe. Akiulizwa anasema, "Mwenye nyumba anarudi."

Mapazia nimeyashona. Nimeyawekea bitana mbili, ukiyafunga mchana unaweza kudhani jua limezima. Mama ameshayatundika. Jioni anaingia chumbani anayafunga na kuyafungua, basi.

Mtihani umekaribia. Nilitaka kukuuliza jambo moja kuhusu masomo, nimelianza mara mbili kwenye karatasi nyingine nikaliacha. Si kubwa. Litangoja utakapokuja. Najua uko tayari, baba.

Mwanao,
Kiherehere


Kiwandani, 1 Juni

Mwanangu,

Kesho napanda lori alfajiri kwenda kwenye kituo cha mtihani. Tunafanya tukiwa mbele ya msimamizi, hakuna simu wala barua pepe. Nimekula, nimenyoa, na Mama Mihuri amenipa kalamu mpya.

Mikono yangu inaijua kazi hii tangu hujazaliwa. Karatasi nayo itaona haya, itafuata. Niombee.

Baba yako


Ofisi ya mafunzo, 28 Juni

Kwa mwanafunzi wetu, fundi wa vyumba vya baridi,

Salamu. Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu mimi ndiye niliyewataka ninyi muandike kwa mkono, na kwa sababu matokeo yako sikutaka uyapate kwa ujumbe mfupi. Hukufaulu. Sehemu ya kwanza, ya gesi na joto, umeandika majibu bora kuliko yote niliyosahihisha. Sehemu ya michoro umeiacha tupu, kurasa zote. Hukujaribu hata swali moja.

Nimekaa na karatasi yako nikashindwa kuelewa. Kwenye skrini yangu ulikuwa mwanafunzi wa mfano. Mwezi wa tatu ulinyamaza kidogo, jina lako likaingia kwenye orodha yangu ya watu wa kupigiwa simu, na asubuhi niliyopanga kukupigia nikakuta somo la tatu ni kijani. Nikafurahi, nikakata jina lako.

Labda utasema nilipaswa kupiga tu. Nami nasema hivyo sasa. Kozi hii ina watu wengi na mimi ni mmoja, kwa hiyo humtafuta aliyenyamaza. Nililieleza hilo katika kipande cha mwisho cha somo la utangulizi, kwamba kunyamaza si kosa na simu yangu si ya kugomba. Kujisimamia si kuwa peke yako. Anayejua kusoma ndiye anayejua pia saa ya kusema "hapa nimekwama". Michoro ile huwakwamisha mafundi wengi wenye mikono mizuri. Hao mimi huwahamishia darasa la mwendo wa taratibu, tunapitia mchoro mmoja mmoja kwa simu, na huwaandikia waajiri wao barua kwamba wako njiani. Waajiri wengi hukubali kungoja.

Nafasi ya darasa hilo ipo bado, ukiitaka. Pole sana.

Mwalimu wako wa kozi


Kiwandani, 7 Julai

Mwanangu,

Barua ya mwalimu nimeiambatisha, isome kwanza ndipo urudi kwangu.

Umeisoma. Sasa nikwambie na ya upande wangu, maana hatuna sababu tena ya kucheza kombolela, kufichana.

Nilijua. Somo la tatu lilinishinda. Nilikaa nalo Jumapili ya kwanza, na ya pili nikashindwa hata kulifungua, nikawa naketi pale kwa Mama Mihuri nautazama ukurasa wa mbele mpaka muda unaisha. Nikakuandikia kwamba limepita salama. Nikatoka hapo sina raha. Mwishowe nilijiapiza kwamba Jumapili inayofuata nitamwandikia mwalimu, nimweleze kwamba mimi mistari hii siioni, anisaidie au anitoe. Maneno niliyafanyia mazoezi mbele ya tangi. Niliingia ofisini, nikawasha, nikakuta kijani.

Kwanza nilidhani mashine imekosea. Kisha nikajua ni wewe, nani mwingine? Nilikaa pale nimeshika mdomo. Nikajisemea, mtoto ameshajua baba yake ameshindwa, na badala ya kunisema ameamua kunistiri. Nikimwandikia mwalimu sasa nitaanzaje? Nitasema si mimi niliyesoma, na mwanangu ataonekana mwongo. Nikaona stara yako niipokee kwa adabu. Zikaja nyingine za kijani, nikawa Profesa, na kila nilipoitwa hivyo ulimi ulizidi kuwa mzito. Nilifikiri labda ule ukijani wenyewe utahesabiwa. Mtu mzima mimi, nilifikiri hivyo.

Barua ya mwalimu nilimpelekea meneja. Aliisoma, akavua miwani. Akasema, "Mzee, ungeniletea barua ya kwamba uko njiani hata mwezi wa nne, ningekungoja." Nafasi amepewa mwingine tangu wiki iliyopita. Ni fundi mzuri, nilimfundisha kulehemu mimi mwenyewe.

Sikukasirikii, lakini sitasema haikuuma. Imeuma. Ninaumia zaidi kwa mama yako na ile rangi ya mlango. Mwambie wewe, mimi kwa simu sitaweza, nitasikia anavyonyamaza.

Jambo moja lingine. Siku ile nilipoitwa shuleni kwako, mwalimu mkuu aliniambia kwamba yule mtoto wa dawati moja nawe, uliyemfanyia hesabu, ilibidi arudie darasa, maana hakuna aliyegundua mapema kwamba hajui. Nilikuona unalia nje, nikaamua nisikwambie. Nikacheka, nikakupa jina. Ningekwambia siku ile.

Baba yako


Nyumbani, 14 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana sijui mara ngapi. Sijui niombe radhi kwa lipi nianze.

Mimi sikuwa nakustiri kama ulivyodhani. Sikuwaza kwamba umeshindwa. Nilidhani umechoka tu, na kwamba nikikushikia nafasi, somo la tatu na yote yaliyofuata, utarudi uyasome. Ule ujumbe uliosema mwalimu atakupigia simu niliuona kama kuitwa ofisini. Nilikuona na kofia kifuani. Nikasema sitakubali baba aaibishwe tena kwa simu, na kumbe simu ile ndiyo ingekurudisha nyumbani. Jibu lilikuwa kwenye kipande cha utangulizi. Wewe ulikiruka, mimi nilikibonyeza huku nashona pindo, na nyumba hii hakuna hata mmoja aliyekisoma.

Dada alinionya nikuulize. Nilianza mara mbili. Kila nilipoandika "Baba, simu inaonyesha," mkono ulikataa, nikaona namhoji mzazi wangu. Sasa najiuliza hiyo ilikuwa heshima gani. Ulinichagua mimi niwe mtu wako wa kumwandikia, na mimi nikakujibu habari za mapazia.

Mama nilimwambia jikoni. Hakupiga kelele. Aliosha kikombe alichokuwa ameshakiosha. Kisha akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnaoneana haya, ninyi wawili, na mimi huku napaka rangi." Akaingia chumbani akayashusha mapazia, akayakunja vizuri, akayaweka juu ya kabati. Nilimsaidia kukunja. Dirisha sasa liko wazi na jua linaingia mpaka kitandani, na mama anaamka nalo, anasema bora hivyo, alale mpaka mchana na nani.

Yule mtoto wa dawati sikujua. Nilidhani nilimsaidia. Miaka yote hii nilidhani nilimsaidia.

Sitatia sahihi jina lile. Sijisikii kulitumia.

Mwanao


Kiwandani, 18 Agosti

Kiherehere wangu,

Marahaba. Jina nimekupa mimi, na kulivua nitakuvua mimi. Bado sijakuvua.

Kiwanda kipya kimefunguliwa huko kwenu, nimesikia kwa dereva. Anasema kinang'aa. Mimi nimetia sahihi mkataba mwingine hapa, wa miaka miwili, na kitanda changu kile kile cha chuma kimepokea habari bila kushangaa. Mama yako nilimpigia mwenyewe. Alinyamaza kama nilivyoogopa, halafu akaniuliza lile swali lake. Safari hii nilimjibu sijui. Akasema basi angalau leo umesema kweli.

Darasa la mwendo wa taratibu nimejiunga. Kwa hiyo agizo limerudi pale pale, na mtu wangu wa kumwandikia ni wewe, kama hujajiuzulu.

Nilipanga nini? Nilipanga kulisoma somo la tatu, mchoro wa kwanza tu.

Nilifanya nini? Sikufanya kitu. Jumapili niliketi, nikawasha kompyuta, nikaufungua ukurasa wa mbele, nikazima. Jumapili iliyofuata nikamwambia Mama Mihuri nina mafua.

Nini kilinizuia? Aibu. Niliandika "kazi nyingi" kwanza, nimeifuta, unaweza kuona alama ya kufuta hapo.

Halafu Jumatano, tukiwa tunabadilisha mkanda wa feni, simu ikalia. Ni mwalimu. Nikatoka nje, na hutaamini, nilijikuta nimevua kofia nimeishika kifuani, peke yangu uwanjani. Nikangoja aseme. Hakusema "mbona husomi". Aliniambia nitoe mchoro, ule alionichapia Mama Mihuri nikauweka mfukoni, kisha akasema, "Baba, mstari wa kwanza kabisa juu kushoto, unauona unaanzia wapi?" Nikamwambia siuoni. Akasema vizuri, tuanzie hapo. Tulikaa na mstari mmoja mpaka mafundi wakanifuata wakidhani nimepata msiba. Mstari ule sasa naujua. Ni umeme unaingia, basi, ni kama bomba la kuingizia maziwa. Laiti ningeusikia mwezi wa tatu.

Wiki ijayo nitabadilisha nini? Nitausimulia mstari wa pili kwa tangi namba mbili kabla mwalimu hajapiga. Nikikwama nitapiga mimi.

Taarifa najua bado zinaingia kwenye simu yako. Darasa hili linaanza na alama upya, kwa hiyo utaona somo la tatu lina alama nyekundu, na itakaa nyekundu muda mrefu, pengine mpaka mama yako achoke kuniuliza. Mkono utakuwasha. Usiiguse, mwanangu. Hiyo ni yangu.

Baba yako, mwanafunzi